Kumleta greihaundi mstaafu Malindi: tarehe, kreti na namba ya chipu

Ukimtaka greihaundi, yule mbwa mwembamba wa mbio, aliyestaafu mashindano, humu Kenya usimtafute. Wako Uingereza, Ayalandi, Australia, na vituo vinavyowatafutia makao, kama Greyhound Trust ya Uingereza, hutaka kukagua nyumba kabla ya kukukabidhi mbwa. Hakuna atakayepanda ndege kuja kukagua ua wako pale Shela. Njia inayopitika ni jamaa anayeishi huko: amchukue kwa jina lake, akae naye, kisha akihamia nyumbani aje naye. Kwetu alikuwa dada yangu. Kituo kiambiwe mapema kuhusu safari hiyo, maana mikataba mingi inadai mbwa arudishwe kwao mambo yakishindikana.

Kujaza fomu si kazi. Kazi ni mpangilio. Kwa kanuni za Uingereza chipu, kile kidude chenye namba kinachowekwa chini ya ngozi ya mbwa, hutangulia, ndipo chanjo ya kichaa cha mbwa. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiki. Kibali cha kumwingiza hutoka Kurugenzi ya Huduma za Mifugo, Kabete, na lazima kiwe mkononi kabla mbwa hajaruka. Omba mapema, kwani "mtandao uko chini" ni jibu utakalolizoea.

Sasa namba ya chipu. Ina tarakimu 15, na ni hiyohiyo inayotakiwa kwenye cheti cha chanjo, cheti cha afya na kibali. Kliniki moja huko iliandika 8 mahali pa 3. Uwanja wa ndege mkaguzi alisoma skana, mashine inayoonyesha namba ya chipu, akasoma cheti, akarudia skana, halafu akaweka kalamu chini. Barua ya kurekebisha ikasubiriwa kutoka Ulaya, wikendi ikaingia, na ghala la mizigo halijui wikendi: linahesabu tu. Kwa hiyo jamaa yako asitoke kliniki kabla ya kupiga picha skana ikiwa imewekwa juu ya kila karatasi, na tarakimu zisomwe kwa sauti, mojamoja.

Wakala wa forodha akupe bei kwa maandishi, na gharama za ghala zitajwe humo. Anayekuambia "tutaelewana", bado hamjaelewana.

Kreti, yaani sanduku la kumsafirishia: mbwa asimame bila kuinamisha kichwa, ageuke, alale. Greihaundi ana shingo ndefu, kwa hiyo mpime hadi ncha za masikio, kisha uliza kama kreti hiyo inaingia kwenye kila ndege ya safari, si ya kwanza peke yake. Ndege ndogo za Malindi zisahau. Ateremkie Mombasa; kutoka huko ni kama kilomita 120 za barabara. Ondokeni alfajiri, jua halimfai.

Mwenye nyumba na majirani waambie mapema, si siku anapoteremka garini. Mtu aliyetoka kutia udhu hataki pua yenye maji impanguse kanzu. Kamba isiachiwe: amefunzwa kukimbiza kitu kidogo kinachotoroka, na paka wa mtaani hajui kama mwenzake amestaafu.

Halafu kupe. Daktari wa mifugo akiona chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, ni chache, haraka husema homa ya kupe. Greihaundi mzima kiasili anazo chache kuliko mbwa wengine, na chembe nyekundu nyingi zaidi. Mbwa apimwe damu kabla ya safari, na majibu yafungwe pamoja na kibali.