SOMO: Sakafu ya kitalu nyumba kwa tunaoishi kwenye baridi kali

Mwezi huu nimeulizwa mara nne niweke nini chini ya kitalu nyumba huku Minnesota, Marekani. Naandika mara moja, na kila atakayeuliza nitamwelekeza hapa. Kitalu changu ni mita 3 kwa 4, udongo wa mfinyanzi, napanda mchicha, mnavu na sukuma wiki. Sakafu ya kwanza niliibomoa. Ya pili imepita majira matano ya baridi.

Kabla hujaangalia uzuri wa sakafu, jiulize maji yatakwenda wapi.

Hatua ya 1. Piga 811, namba ya simu ya huku Marekani ya kuuliza kabla ya kuchimba, siku chache kabla hujaanza, waje waweke alama za mabomba na nyaya. Ni bure.

Hatua ya 2. Ondoa nyasi na udongo wa juu, kina cha sentimita 15. Tumia pima maji, acha mteremko mdogo wa kuelekea nje.

Hatua ya 3. Tandika kitambaa cha ujenzi kinachopitisha maji. SI NAILONI. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilitandika nailoni nikidhani nazuia magugu, nikamwaga vumbi la mawe, juu nikapanga matofali ya zege. Oktoba palipendeza mno. Lakini maji ya kumwagilia hayakuwa na pa kwenda, yakakaa juu ya nailoni, na mengine yakajaa kwenye mfinyanzi pembeni. Januari ardhi ikaganda. Maji yakiwa barafu huongezeka kama asilimia 9, ila kinachoinua sakafu hasa ni kwamba udongo unaoganda huvuta maji mengine kutoka chini, barafu ikajijenga tabaka juu ya tabaka. Matofali yakanyanyuka, fremu ikapinda, mlango ukagoma kufunguka na miche yote ikafa ndani. Aprili ikayeyuka, pakawa tope na utelezi wa kijani. Mama mkwe alikuja kunisaidia kumwagilia, akaanguka. Hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo: usiweke nailoni, na usikubali kokoto zenye vumbi hata ukipunguziwa bei. Vumbi hushika maji na kuyapandisha juu kama utambi. Usitumie mataruma ya reli, yana kreosoti, dawa ya mbao yenye sumu. Mbao za zamani zilizotiwa dawa kabla ya 2004 pia ziache, nyingi zina aseniki, nayo ni sumu.

Hatua ya 4. Mwaga kokoto zilizooshwa, za sentimita 2 hivi, unene wa sentimita 10. Kwa eneo langu ni mita za ujazo 1.2, karibu tani mbili. Zikinyanyuliwa na barafu hurudi zenyewe. Majira ya kuchipua unapitisha reki tu. Matofali panga njia ya katikati peke yake, upana wa toroli.

Hatua ya 5. Pembeni zungushia bodi za foma ngumu, zile za bluu au waridi, unene sentimita 5, uzifukie wima hadi sentimita 60. Baridi huingia kwa ubavuni, na foma hulinda joto lililo ardhini.

MASWALI

Kinyonga: Mkuu, nikiweka nailoni chini ya kokoto inafaa?

Jibu: Soma hatua ya 3.

Kinyonga: Nimesoma juu juu. Ila nailoni yangu ni nene.

Jibu: Ikiwa nene ndiyo itashika maji vizuri zaidi. Isome yote, ndugu yangu, niliiandika ili wewe usipoteze miche.

Baba Tumaini: Fundi ananiambia zege ndiyo sakafu ya kudumu.

Jibu: Sijasema zege ni mbaya. Huku kusini mwa Minnesota msingi wa nyumba unatakiwa ushuke inchi 42 kwa sababu ya kuganda, kaskazini inchi 60. Zege jembamba lililomwagwa juu ya mfinyanzi mtupu litapasuka. Kama unayo fedha ya foma chini yake, kokoto chini ya foma, na tundu la kutolea maji, jenga.

Bi Mnavu: Shikamoo kaka. Mimi niko Makete, Tanzania, Juni na Julai jalidi inaunguza viazi. Je, nahitaji hiyo foma?

Jibu: Marahaba dada, umeuliza vizuri. Huko jalidi huja usiku na jua la mchana huiondoa, ardhi haigandi kwenda chini kama huku. Foma acha. Weka kokoto safi, kisha mapipa ya maji yaliyopakwa rangi nyeusi upande unaopata jua. Pipa la lita 200 likipoa kwa nyuzi 10 hutoa joto sawa na yuniti 2.3 hivi za umeme. Yaweke juu ya matofali bapa yasizame.

Bi Mnavu: Nikikosa kokoto zilizooshwa?

Jibu: Zichekeche mwenyewe kwa wavu, uzisuuze. Ni kazi ya siku mbili lakini inalipa.

Mzee wa Bustani: Ongezeni wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 6 chini ya kitambaa. Panya wangu walichimba kufuata joto.

Jibu: Asante mzee, hilo sikuliweka. Uupandishe na ukutani kidogo?

Mzee wa Bustani: Sentimita 30, na ukunje ncha kuelekea nje.