SOMO: Kukadiria kimo cha mawingu kwa joto na kiwango cha umande

Wanafunzi wengi wa urubani wakishika METAR, yaani ripoti ya hali ya hewa ya kiwanja cha ndege, hukimbilia upepo na mwono, wakazipita namba mbili zenye alama ya / katikati. Mimi nawasihi mzisome kila mara, kwa sababu ndizo zinazokuonyesha hali inakoelekea.

Hatua ya 1. Zitambue. Kwenye 28/18, joto la hewa ni nyuzi 28 na kiwango cha umande ni 18, yaani hewa hiyo ikipoa hadi 18 mvuke wake unaanza kuwa matone. Herufi M mbele ya namba ni chini ya sifuri.

Hatua ya 2. Toa, kisha zidisha kwa 400. Tofauti ni 10, kwa hiyo kitako cha wingu kiko karibu na futi 4,000. Hiyo 400 msiikariri tu. Hewa isiyo na wingu ikipanda hupoa nyuzi 3 kila futi 1,000, na kiwango chake cha umande hushuka nusu nyuzi. Vinakaribiana kwa 2.5, na 1,000 ukigawa kwa 2.5 unapata 400.

Hatua ya 3. Linganisha na mawingu yaliyoripotiwa. Kanuni hii ni ya kumulus, mawingu yanayotokana na hewa iliyopashwa joto na ardhi. Stratus, mawingu ya chini yaliyotandaa kama tabaka, haiifuati, hapo shika kilichopimwa.

Hatua ya 4. Soma ripoti kadhaa mfululizo. Usiku wa anga safi na upepo hafifu, tofauti ikishuka 6, 4, 2, ukungu unakuja. Hakikisha una kiwanja mbadala na mafuta ya kukufikisha huko.

MASWALI

Mwalimu, futi hizo ni kutoka usawa wa bahari?
Hapana, ni juu ya kiwanja. Kiwanja kikiwa futi 5,000, altimita yenye QNH, yaani iliyowekwa isome kimo kutoka usawa wa bahari, itasoma 9,000 ukifika kwenye wingu.

SCT, mawingu yaliyotawanyika, nayo ni dari?
Siyo. Dari, yaani tabaka la chini kabisa linalofunika zaidi ya nusu ya anga, huanzia BKN, sehemu 5 hadi 7 kati ya 8 za anga, au OVC, anga lote.

Tofauti ikiwa sifuri, ukungu ni lazima?
Si lazima. Upepo ukiwa na nguvu, mara nyingi unapata stratus ya chini badala yake. Ila namba hizo hukadiriwa hadi nyuzi kamili, hivyo ukungu unaweza kukuwahi tofauti ikiwa bado 1.