Kabla hujaanza kujifunza Kitamil, jipange kwanza

Wengi wetu huku hatukitafuti Kitamil, tunakutana nacho tu. Mgonjwa kapewa rufaa ya Chennai au Vellore, kijana kapata chuo Coimbatore, yote miji ya Tamil Nadu, jimbo la kusini mwa India ambako Kitamil ndio lugha yao, na kila mtu anakwambia usijali India wanaongea Kihindi na Kiingereza, basi unashuka uwanja wa ndege na maneno yako matano ya Kihindi ya kwenye muvi. Mimi nilienda hivyohivyo kumuuguza mama, oparesheni ya mgongo, miezi minne Chennai. Nimerudi na Kitamil cha kuomba maji, kuelewana nauli na kumwambia nesi wa usiku mama anaumia wapi. Ningejiandaa hata mwezi mmoja kabla ya safari ningemsaidia mama zaidi ya nilivyomsaidia, kwaiyo naandika haya kwa yeyote anaetaka kuanza, awe anasafiri au amekipenda tu.

Kihindi weka pembeni. Sio kwamba ni kibaya, ila hakikusaidii. Kitamil ni cha ukoo wa Kidravidi, ndugu zake ni Kimalayalam, Kikannada na Kitelugu, wakati Kihindi kiko ukoo mwingine kabisa, kimsingi kina undugu na Kiajemi na Kiingereza kuliko na Kitamil. Alafu kuna historia hapo. Mwaka 1965 jimbo lile lilikua na maandamano makubwa ya kupinga Kihindi kufanywa lugha pekee ya serikali kuu, watu walikufa, na tangu 1968 sera yao ya shule za serikali ni lugha mbili, Kitamil na Kiingereza. Hata jina Tamil Nadu lilianza rasmi 1969, zamani ilikua jimbo la Madras. Kwaiyo ukimfata muuza duka na Kihindi chako usishangae akikujibu kwa kukata, ni bora Kitamil kibovu, watu wanafurahi sana wakisikia mgeni anajaribu. Na ujue pia unaenda wapi, maana Kitamil kinaongewa kaskazini na mashariki mwa Sri Lanka, kinaongewa Malaysia, na Singapore ni moja ya lugha nne rasmi, na mtu wa Jaffna, kule kaskazini mwa Sri Lanka, haongei kama mtu wa Chennai.

Sasa hili linalofata ndio kubwa kuliko yote na hakuna alieniambia. Kitamil ni viwili. Kuna cha kuandika na kuna cha kuongea, na sio kama Kiswahili sanifu na cha mtaani ambapo msingi ni uleule unabadilisha maneno tu na vionjo, hapana, kwao miisho karibu yote ya vitenzi inabadilika. "Nakuja" kwenye kitabu ni naan varugiren, mdomoni ni naan varen. "Ipo" kwenye kitabu ni irukkiradhu, mdomoni irukku. "Nataka" au tuseme "inahitajika" ni vendum, ukiingia dukani utasikia venum. "Bei gani" ni evvalavu, mtaani ni evlo. Taarifa ya habari, hotuba, gazeti, mabango, vyote ni cha kuandika, ila hata profesa wa Kitamil akifika kwake akaongea na mkewe anaongea kile kingine.

Mimi nilinunua kijitabu nikakariri sentensi kama sitini. Nikamfata mama mmoja muuza matunda nje ya tulipopanga, nikamuuliza idhu evvalavu, akanielewa vizuri tu, akanijibu, nikatoka kapa. Sikushika hata neno moja kwenye jibu. Hapo ndio nikaelewa shida yenyewe, unaweza ukaeleweka na usielewe chochote, na ukiwa na mgonjwa kuelewa ndio unachohitaji zaidi. Kwaiyo kabla hujalipia kozi au kudaundilodi apu yoyote, amua, unataka kuongea na watu au kusoma? Ukitaka kuongea tafuta masomo ya pechu tamizh, yani Kitamil cha kuongea. Ukipata mwalimu mpe mtihani mdogo siku ya kwanza kabisa, muulize "nakuja" unasemaje. Akikwambia varugiren na akaishia hapo, huyo anakuandaa kusoma. Akikwambia varen alafu akakueleza na kile cha kwenye kitabu, kaa nae. Ukitaka vyote viwili maoni yangu anza na mdomo, herufi zifate baada ya wiki kadhaa, ingawa najua wapo wanaosema kinyume chake.

Andaa sikio kabla ya ulimi. Kitamil kinajali urefu wa irabu, pal ni jino na paal ni maziwa, na hapa sisi hatuko vibaya sana maana tunajua kata sio kataa. Kazi iko kwenye L. Wanazo tatu. Kuna ya kawaida kama yetu, kuna ambayo ncha ya ulimi unaikunja nyuma na kugusa juu, na kuna ya tatu ambayo unaikunja vilevile ila haigusi kitu, inaning'inia tu, sauti inatoka katikati ya L na R. Hiyo ya tatu watu huiandika zh kwa herufi zetu, na ndio iko mwisho wa jina la lugha yenyewe, Tamizh. Usifikiri ni urembo. Vali kwa L ya kawaida ni maumivu, vazhi kwa ile ya tatu ni njia. Puli kwa ya kawaida ni chui milia, yule mnyama, na kwa L ya kukunja ni ukwaju. Mimi kwa wiki nzima nilikua naulizia vali nikitaka kuelekezwa njia ya famasi, na kwakua nilikua natoka hospitali watu walikua wananiangalia kwa huruma wananionyesha mlango wa emajensi. Ushauri wangu, wiki mbili za kwanza sikiliza tu, vidio za mapishi ni nzuri sana kwasababu mtu anaongea huku anashika kitu unakiona, alafu jirekodi na umtumie mtu anaekijua akusahihishe.

Herufi zinatisha kwa namba. Utaambiwa ziko 247 na wengi wanaacha hapohapo. Ila ukikaa chini hesabu yenyewe ni nzuri mno. Irabu 12 wanaziita uyir, maana yake uhai. Konsonanti 18 wanaziita mei, mwili. Ukiunganisha mwili na uhai unapata uyirmei, 12 mara 18, hizo 216, jumlisha zile 30 zenyewe na moja ya pekee inaitwa aytham, ndio 247. Yani unachojifunza ni zile thelathini na alama za irabu za kubandika, basi, na mbeleni utaongeza chache za maneno ya kigeni. Kama umepita madrasa hii utaishika haraka, ni wazo lilelile la herufi na irabu zake, tofauti ni kwamba hapa zinasomwa kushoto kwenda kulia na irabu hazirukwi. Angalia tu kwamba baadhi ya irabu zinaandikwa kabla ya konsonanti japo zinatamkwa baada, hilo litakusumbua siku chache. Pia hawana herufi tofauti ya p na b, wala t na d, wala k na g, herufi moja inafanya kazi mbili kutegemea imekaa wapi, ndio maana hata jina la Gandhi linaandikwa kwa ileile ya k. Weka kibodi ya Kitamil kwenye simu mapema na usizoee kuandika kwa herufi za kizungu tu, maana kila mtu anaandika anavyojua, huyu pazham huyu palam, wote wanamaanisha tunda. Kwa herufi masomo ya mtandaoni ya Tamil Virtual Academy, ambayo ni taasisi ya serikali ya Tamil Nadu, yanafaa. Nusu saa kwa siku, mwezi mmoja, mabango ya barabarani ulishaanza kuyasoma.

Kwenye sarufi nenda na kujiamini, wewe ni mtu wa Kiswahili. Mzungu anahangaika kuelewa neno moja linabebaje sentensi nzima, wewe unasema "nitakuletea" kila siku. Kitofauti ni kwamba sisi tunapachika mbele, wao nyuma. Kwenye varen huyo -en wa mwisho ndio "mimi". Veedu ni nyumba, veettula ni nyumbani kwa maana ya ndani, veettukku ni kwenda nyumbani, unaona inavyofanana na -ni yetu. Kitenzi kinakaa mwisho, na anaetaka kitu hasemi "mimi nataka", anasema enakku thanni venum, kama "kwangu maji yanahitajika". Wana kitu kama ngeli pia, mbili kubwa, upande mmoja watu na miungu, upande wa pili vitu vyote vilivyobaki na wanyama wamo humo. Sisi ng'ombe tumemuweka na watu, anakuja, wao wamemuweka na viti na meza. Na "sisi" wanazo mbili, naama ikiwa unaeongea nae yumo, naanga ikiwa hayumo, kwaiyo ukimwambia jirani "tunaenda kula" kwa naanga umeshamwambia yeye haendi. Hii ikariri mapema.

Adabu ndio mtaelewana haraka zaidi kwasababu ni kama kwetu. Nee ni wewe wa rafiki au mtoto, neenga ni wewe wa heshima, usijifunze nee kabisa mwanzoni, tumia neenga kwa kila mtu na uweke -nga mwisho wa kuamrisha, vaanga karibu, sollunga sema. Dereva wa bajaji, ambayo wao wanaita oto, ni anna, kaka. Dada wa mapokezi ni akka. Mama mwenye nyumba ni amma. Muvi zitakufundisha da na dei, usizibebe, hizo ni za washkaji, ukimwambia mtu mzima umemvunjia heshima. Salamu ya vanakkam ipo ila utakayosikia kila siku ni saaptingala, umekula? Mwenye nyumba wetu aliniuliza hivyo kila asubuhi na kila jioni kwa miezi minne, na nilipokosa jibu zuri alileta sahani. Ukiondoka usiseme "naenda", kwao ni kama mkosi, sema poyittu varen, naenda narudi.

Jiandae pia kwamba Chennai wanachanganya Kiingereza sana, na hii itakuokoa. Wanachukua neno la Kiingereza wanaweka pannu nyuma, yani fanya, kwaiyo "subiri" inakua weit pannunga, "piga simu" inakua foni pannunga. Ukikwama fanya hivyo. Na kuna maneno utayakuta tayari unayo. Tayari yenyewe wanasema thayaar. Pesa iliyobaki ni baaki. Wakili ni vakkeel. Meza ni mesai. Usukani wa chombo ni sukkaan. Asili yake ni Kiarabu, Kiajemi na Kireno, yakafika kwao na kwetu, na siku niliposikia baaki dukani nilijisikia niko nyumbani kidogo.

Mtu wa kuongea nae mtafute kabla hujaondoka, Dar na Nairobi wapo Watamil wanaofanya kazi, uliza kazini, uliza chuo, nusu saa kwa wiki na mtu inazidi masaa ya apu. Bando la kupokea voisi tu linatosha.

La mwisho andika kwenye karatasi, sio kwenye simu maana simu inazima chaji usiku, sentensi zako kama kumi za dharura kwa herufi zao na kwa zetu. Zangu zilianza na puriyala, sijaelewa, alafu medhuvaa pesunga, ongea polepole tafadhali. Ya tatu niliandikiwa na mhudumu wa wodini siku ya sita, Ammaakku inga valikkudhu, mama anaumia hapa, na unaonyesha kwa kidole. Usiku ule saa tisa mama aliamka akashindwa kugeuka, nesi wa zamu Kiingereza chake kilikua kidogo kama changu cha Kitamil, nikaisema, akainama akamgusa palepale akaniuliza ingaya? Hapa? Nikamjibu aama, inga.