Kabla Hujagombea Uongozi wa Kanda katika Chama cha Wapenda Paka

Ijumaa moja, watu wakitoka msikitini, alinijia jirani yangu wa zamani wa Mji wa Kale, Mombasa. Tumehangaika naye na paka miaka mingi: kuwalisha, kuwapeleka kwa daktari wa mifugo, kusafisha vizimba siku za maonyesho. Akaniambia, "Dada, mwaka huu nagombea kanda. Nisaidie kuandika barua." Nikamkaribisha barazani, nikamwambia barua tutaiandika mwisho. Barua ni kazi ya nusu saa. Yaliyo kabla ya barua ndiyo yanayomfanya mtu amalize kipindi chake kwa utulivu au ajiuzulu katikati, na hayo ndiyo tuliyoyazungumza mpaka adhana ya alasiri. Nayaandika hapa kwa ajili ya wengine wanaojitolea na wanaofikiria hatua hiyohiyo.

La kwanza ni kuisoma katiba ya chama kwa macho yako, usisimuliwe. Tafuta hasa kifungu kinachosema nani anapiga kura, maana vyama vikubwa vya paka havifanani. Cat Fanciers' Association, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1906, ni chama cha vilabu: mwanachama ni klabu, na klabu ndiyo yenye kura ya kumchagua mkurugenzi wa kanda. The International Cat Association, kilichoanza mwaka 1979, kimempa kura mwanachama mmoja mmoja. Tofauti hiyo inageuza kazi yako yote ya kutafuta kura. Kwenye chama cha vilabu unaweza kupendwa na watu mia wa Nyali na Bamburi, wakakupigia makofi ukumbi mzima, na bado ukaanguka kwa sababu wote hao wako ndani ya vilabu viwili. Kwenye chama cha wanachama, watu mia hao ni kura mia, ikiwa ada zao zimelipwa.

Ada ndiyo inayowaponza wengi. Klabu isiyolipa kwa wakati, au isiyopeleka orodha ya wanachama wake inapotakiwa, hujikuta nje ya daftari la wapiga kura. Nimeona klabu moja ya hapa Pwani ikikosa kura kwa sababu fedha zilikuwa mkobani mwa katibu, anasubiri apate nafasi ya kwenda benki. Hakuiba wala hakukataa kulipa. Alichelewa tu, na mgombea aliyekuwa akimtegemea akakosa kura hiyo. Kwa hiyo miezi kadhaa kabla ya uchaguzi, pita kwa kila klabu inayokuunga mkono uulize maswali mawili: mmelipa, na mna risiti?

Angalia pia sheria za hapa kwetu Kenya. Kikundi chako kimeandikishwa kwa Msajili wa Vyama, au kiko chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022? Kama hakijaandikishwa popote, anza hapo. Na orodha ya simu za wanachama si yako ya kusambaza unavyotaka. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu hata wapenda paka.

Sasa muda, na hapa nakuomba usijidanganye. Makao makuu ya Cat Fanciers' Association yako Alliance, katika jimbo la Ohio. Ya The International Cat Association yako Harlingen, Texas. Kikao cha mtandaoni kikiitishwa saa mbili usiku kule Ohio, mwezi wa Juni, hapa Mombasa ni saa tisa usiku. Cha Texas ni saa kumi, karibu na alfajiri. Mtu anayefungua duka Marikiti saa moja asubuhi ajiulize kwa dhati kama mwili utaweza. Tena msimu wa maonyesho wa vyama hivyo huanza tarehe 1 Mei na kwisha tarehe 30 Aprili, kwa hiyo hesabu za pointi na ripoti za mwisho wa msimu zinakuangukia masika, barabara zimejaa maji na mtandao unakatikakatika. Halafu kuna Ramadhani, ambayo kila mwaka hurudi nyuma kwa siku kumi na moja hivi. Kiongozi wa huku asiyeweka kalenda hizi pamoja mezani ataitisha kikao wakati watu wanafuturu, kisha ashangae kwamba hakuna aliyekuja.

Kuhusu fedha nitasema zaidi, kwa sababu niliumia. Mwaka niliokuwa mweka hazina wa kikundi chetu, siku ya maonyesho niliwalipa mahamali wawili waliovuta mkokoteni wa vizimba kutoka ghalani hadi ukumbini. Shilingi 3,400, mkononi kwa mkono. Jua lilikuwa kali, watu wananiita huku na huku, sikuandika. Mwisho wa mwezi hesabu ikakataa. Hakuna aliyeniita mwizi. Watu walinyamaza tu, wakafunga mafaili yao, na ukimya ule nilirudi nao nyumbani. Siku ya tatu ndipo nilipokuta kwenye simu ujumbe wa M-Pesa wa kutoa kiasi kilekile, asubuhi ya siku ileile, na mmoja wa mahamali akakubali kuja kutoa ushahidi. Daftari lile ninalo mpaka leo. Ukurasa huo una doa la chai na mstari niliouongeza kwa kalamu nyekundu. Cheo ni dhamana. Kabla hujagombea kanda, ambako fedha zitakuwa nyingi kuliko hizo na macho yatakuwa mengi zaidi, jizoeze mwaka mzima kuandika kila shilingi siku ileile, na fedha za chama zisiingie hata saa moja kwenye simu yako binafsi. Uliza pia, kabla ya kugombea, nauli yako nani atalipa. Nafasi hizi ni za kujitolea. Zipo gharama zinazorudishwa na zipo zisizorudishwa, na ni heri mume au mke wako azijue mapema.

Jambo ambalo wagombea wengi hawalitarajii ni kwamba kiongozi wa kanda hashindi na paka. Anashinda na watu. Mmoja amenunua mtoto wa paka, amefika nyumbani amekuta ana choa, anataka fedha zake. Mwingine anadai cheti cha nasaba hakijaletwa mwezi wa nne sasa. Wawili wamegombania tarehe moja ya maonyesho. Jaji ametukanwa mbele ya watoto. Simu zote hizo zinakuja kwako, na kila mpigaji anaamini wewe ni ndugu yake. Jipime: ukiletewa malalamiko dhidi ya rafiki yako, au dhidi ya mtu uliyemuuzia paka, utaweza kusema wazi kwamba humo una maslahi, ukampisha mwingine aamue? Kama unafuga na kuuza, liandike hilo kwenye maombi yako tangu mwanzo. Watu wa Mombasa husamehe mengi mtu akisema mwenyewe. Wakiligundua wenyewe, hawasahau.

Kisha afya ya wanyama, ambayo kwangu haina mjadala. Kiongozi wa kanda ndiye atakayeulizwa ukumbi unafaa au haufai, na hali ya hewa yetu haimpendelei kila paka. Nakumbuka saa sita na nusu mchana mmoja wa kaskazi, umeme umekatika, feni zimesimama. Kwenye kizimba cha pembeni alikuwapo paka wa Kiajemi, mweupe, pua bapa. Alikuwa amelala kifudifudi, mdomo wazi, ubavu unapanda na kushuka haraka. Mbwa akihema hivyo anapunguza joto. Paka akihema hivyo yuko hatarini. Mwenyewe alikuwa ameenda kununua maji. Kijana wetu mmoja aliyejitolea, hata cheo hana, alimfungua bila kumngoja mtu, akamlowesha masikio na nyayo kwa maji ya kawaida, akamtoa nje kwenye kivuli penye upepo, huku mwingine akimpigia daktari. Paka alipona. Lakini maonyesho yaliendelea, kwa sababu hakuna mkubwa aliyethubutu kusema tusimame. Ukitaka kanda, uwe tayari kuwa huyo anayesimamisha, hata kama wafadhili wamekaa mbele na fedha za ukumbi hazirudi.

Ujue pia mambo ya usafi kwa vitendo. Kirusi cha panleukopenia, ugonjwa wa paka unaoambukiza na kuua, huweza kukaa mahali mwaka mzima. Vizimba huoshwa kwanza kwa sabuni, ndipo ipite dawa ya klorini, sehemu moja kwa sehemu 32 za maji, iachwe dakika kumi kisha isuuzwe. Dawa zenye fenoli, zile zinazogeuka nyeupe ukizitia maji, humdhuru paka. Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe na cheti chenye tarehe, si maneno ya mdomo.

Na kanda si Mombasa. Wagombea wa kisiwani tuna tabia ya kudhani Likoni ni mbali, sembuse Lamu au Voi. Kabla ya kuomba kura, panda basi uende. Kaa na wale wanaoendesha kliniki ya kuhasi paka kwa mikono yao wenyewe, uwasikilize bila kuahidi kitu. Huko ndiko utakakoelewa kwamba karibu paka wote wa Pwani hawana nasaba ya karatasi. Hilo halitufungii mlango: vyama vyote viwili nilivyovitaja vina daraja la paka wa nyumbani asiye na nasaba, na paka mzima huingia humo akiwa amehasiwa. Mgombea anayekuja na mpango wa kuhasi paka wa mitaani, awapatie wenyeji nafasi ya kumleta paka wao ukumbini kwa fahari, ana jambo la kuwaambia wapiga kura. Lijue pia la kwetu. Paka wa Sokoke ametoka msitu wa Arabuko-Sokoke, hapo Kilifi. Wagiriama walimjua kabla ya mtu yeyote kumwandikia sifa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watoto wake walichukuliwa kulelewa Watamu, baadaye wengine wakapelekwa Denmark, na mwaka 1993 shirikisho la FIFe la Ulaya likamtambua. Ukikaa kwenye kikao na watu wa mbali, hilo ndilo utakaloulizwa kwanza. Aibu iwe kwao wasipojua, isiwe kwako.

Nyumbani, weka mtu wa kulisha paka wako siku za safari, tena aliyejaribiwa.

Basi, barua. Isizidi ukurasa mmoja. Andika ulichokifanya kwa mikono yako, na mwaka. Andika maslahi uliyo nayo. Andika mambo mawili utakayoyafanya, si kumi. Pata wanaokupendekeza kwa maandishi, itume wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho, na usilale mpaka upate jibu kwamba imepokewa.

Jirani yangu hakuiandika siku ile. Alikunywa kahawa yake, akaomba nakala ya katiba, akaniuliza nauli ya kwenda Lamu ni kiasi gani siku hizi. Jumatatu akanipigia kutoka Jomvu, nyumbani kwa katibu wa klabu moja, wametandaza risiti za ada juu ya mkeka wanazipanga kwa tarehe. Iliyokuwa haionekani ni ya mwezi wa Februari.