Kidole kikikatika, usikifukie kwenye barafu

Mtu akikatika kidole, wengi hukimbilia kukitumbukiza moja kwa moja kwenye barafu. Nia ni njema kabisa, lakini hapo ndipo kinapoweza kufa.

Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, ila kutanuka si shida pekee. Barafu huanza kujijenga nje ya seli, tena kwa maji matupu, chumvi inabaki. Basi kile kimiminika kilichosalia kinazidi kuwa kikali na kuvuta maji kutoka ndani ya seli, nayo inanywea kama zabibu kavu mpaka utando wake unaharibika. Vimishipa vya damu navyo vinaumia, kiasi kwamba daktari hata akiunga vizuri, damu inaweza kugoma kupita.

Kinachotakiwa ni ubaridi bila kuganda. Kisuuze taratibu kwa maji safi, usikisugue. Kifunge kwa kitambaa safi kilicholoweshwa na kukamuliwa, kitie kwenye mfuko wa plastiki, ufunge kabisa maji yasiingie. Mfuko huo ndio unauweka kwenye chombo chenye barafu pamoja na maji. Nasisitiza maji, kwa sababu mchanganyiko huo hukaa kwenye nyuzi 0 hivi, wakati barafu iliyotoka sasa hivi kwenye friza yaweza kuwa nyuzi 18 chini ya sifuri.

Jeraha lenyewe likandamizwe kwa kitambaa safi, mkono uinuliwe juu, na safari ya hospitali ianze hapo hapo.