Dungu katikati ya shamba linamlinda nani?

Wiki iliyopita niliitwa kwenye shamba la ekari mbili huku bondeni Rufiji. Mahindi yalikuwa yamebakiza siku chache yafae kuchoma. Upande wa kichaka mistari kumi na moja ilikuwa imelazwa chini na nguruwe pori, maganda yamechanwa, magunzi yametafunwa nusu nusu na kutemwa. Mwenye shamba, mzee wangu ninayemheshimu, alikuwa hajalala siku nne. Macho mekundu, sauti imekauka kwa kupiga kelele. Na dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo cha kulindia mazao, alikuwa nalo! Nguzo imara, makuti mapya, ngazi ya fito sita, hata kigoda cha kukalia. Lilisimama katikati kabisa ya shamba.

"Hapa naona pande zote, mwanangu," akaniambia.

Nikapanda, nikakaa alipokaa yeye. Nikaona mbelewele, yale maua ya kileleni mwa mahindi. Mbelewele kushoto, mbelewele kulia, na kwa mbali vilele vya miti ya kichakani. Ardhi sikuiona popote.

Hili ni shamba la saba msimu huu ambalo nalikuta hivi hivi, kwa hiyo leo sitasema lolote kuhusu kujenga. Kuchagua mti, kuchoma ncha ya nguzo mchwa asiile, kufunga fito, hayo mnayajua kunizidi. Nasema mahali pa kulisimamisha tu, maana hapo ndipo mnapopotezea magunia.

Tupige hesabu. Ekari tunaipima hatua 70 kwa 70. Ekari mbili zilizofuatana ni hatua 70 kwa 140. Kama kichaka kiko kwenye upande mfupi nawe umekaa katikati, ukingo uko hatua 70 kutoka ulipo, kama mita 63. Ukiwa umepanda sentimita 75 mstari hadi mstari, basi kati yako na mwizi pamesimama mistari 84 ya mahindi marefu kuliko wewe. Nguruwe pori hana haja na mistari 84. Anataka mitano ya mwanzo, ashibe, arudi. Wewe utasikia bua likivunjika akiwa keshaangusha la ishirini, na hata ukimulika tochi mwanga unaishia kwenye majani ya mstari wa tatu. Ukipiga debe hujui unamfukuzia wapi. Nimeona nyayo za kundi lililokurupushwa kutoka katikati likakimbilia ndani zaidi, likavuka shamba zima hadi kwa jirani. Na jirani naye alikuwa dunguni, katikati ya shamba lake.

Nguruwe hawaingii ovyo ovyo. Wana mlango. Kwenye shamba la ekari mbili mara nyingi utakuta mmoja, pengine miwili. Kuutafuta ni kazi ya alfajiri, saa 12 na nusu, umande haujakauka, na ni kazi ya siku tatu mfululizo. Siku moja haitoshi. Tembea ukingo wote polepole. Unatafuta tundu kwenye kichaka, kimo cha goti mpaka paja, nyasi zimelalia upande mmoja, tope limepakwa kwenye mashina pale wanapojikuna wakipita, na kwato zimekanyagana juu ya kwato. Hapo chomeka kijiti, funga kitambaa. Asubuhi tatu zikikupeleka kwenye kijiti kile kile, umeupata mlango.

Sasa dungu. Likae ukingoni, upande wa mlango, lakini lisikae mlangoni. Hesabu hatua 25 kutoka kwenye kijiti, ukifuata ukingo. Ukilisimamisha juu ya njia yao utawahamisha usiku wa kwanza tu, na usiku wa pili watakuwa wamefungua mlango mwingine usioujua. Hatua 25 zinakupa nafasi ya kusikia wakitoka, na tochi yako inapiga ubavuni mwao kabla hawajagusa mstari wa kwanza. Kati ya kichaka na mahindi fyeka hatua tano pawe peupe kama ua lililofagiliwa. Najua mtasema ni kupoteza mistari sita. Mzee wangu alipoteza kumi na moja.

Kushoto au kulia kwa mlango? Hapa ndipo penye upepo, na ndipo mnapokosea hata nyinyi mliokwisha kuacha katikati.

Mtu anakuja shambani saa sita mchana, anarusha vumbi, anaona upepo unakwenda huku, anachimba mashimo ya nguzo. Halafu analinda saa sita usiku! Mchana ardhi ikipata joto upepo hupanda kutoka bondeni kwenda mlimani. Jua likizama hewa inapoa, inakuwa nzito, inateremka kutoka mlimani kuja bondeni, kisha inafuata bonde kama maji. Ulichopima mchana ni kinyume cha utakachokaa nacho usiku. Pima saa 2 usiku, usiku tatu, kwa jivu la mekoni lililochekechwa. Shika konzi moja, liachie taratibu kutoka usawa wa kifua, mulika tochi uone linakoelea. Wanaolima kando ya mto wana njia ya haraka: simama kwenye kijiti, uso uelekee kichakani. Mto ukitiririkia kulia kwako, dungu liende kulia. Ukitiririkia kushoto, liende kushoto. Hewa ya usiku itapita mlangoni kwanza ndipo ije kwako. Kwenye tambarare pana hapana mkato huo, hapo jivu ndilo litakalosema.

Mama mmoja alinibishia kwenye mkutano: "Mwache anuse, si ndiyo atakimbia?" Hakimbii, mama. Nguruwe harufu anaitumia kama wewe unavyotumia macho. Akikunusa anajua umekaa wapi, anazunguka, anaingia usipokaa. Mnyama huyu wengi wetu huku hatumli, ila yeye anatula jasho letu, na pua ndiyo inayomlisha. Akikosa kujua ulipo mpaka debe linalia ubavuni mwake, hapo ndipo anapoingiwa na hofu ya kweli.

Kwa sababu hiyo hiyo, njia ya kwenda dunguni itokee upande wa nyumbani, ifuate pembeni mwa shamba, isipite mbele ya mlango hata siku moja. Uwe umepanda kabla ya saa 12 jioni. Anayefika saa 2 akikohoa na sigara mkononi amekwisha piga hodi.

Kimo. Madungu mengi yanajengwa mahindi yakiwa magotini, na mtu anaona mita moja na nusu ni juu sana. Mahindi yenyewe yatafika mita mbili na nusu. Pima kwa kamba: kutoka ardhini hadi sakafu ya fito, mita 3. Mita 3 kamili, na hapo sijahesabu paa. Kwa mpunga mita moja na nusu inatosha, mtaona vizuri na ndege mtawawinga bila taabu.

Na ulinzi uwe lini? Mahindi yanavamiwa mara mbili. Mara ya kwanza ni mbegu, tangu siku unapopanda hadi mche umeshika vizuri, kama wiki mbili na nusu. Wanafukua mstari kama waliopewa kamba ya kupandia. Mara ya pili ni mahindi yanapojaa maziwa, siku 18 hadi 22 baada ya kutoa ndevu. Watu wanalinda mara ya pili tu, tena wanaanza wakishaona gunzi la kwanza limeliwa. Kundi likishaonja ni shida kuliondoa. Kwa mara hiyo ya pili, mlinzi awe anakesha dunguni tangu mbelewele ya kwanza inapochomoza. Siku hiyo hiyo, ndevu bado.

Nyani na ngedere ni wa mchana, wanashuka kwenye miti, kwa hiyo hao wana dungu lao, karibu na miti wanayoshukia, na mlinzi wao ni mtu mzima. Watoto waende shule.

Sasa tembo, na hapa naomba msome polepole. Tangu tuko jirani na Pori la Akiba la Selous, na sasa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere iliyomegwa humo mwaka 2019, kuna vijiji ambavyo mlango mnaoukuta alfajiri ni wa tembo. Hatua 25 ni hesabu ya nguruwe. Kwa tembo haifai hata kidogo. Sakafu ya mita 3 unayoiona ndiyo usalama iko usawa wa bega lake, na dume akiinua mkonga anafika mita 6. Nguzo zako anaziegemea tu, zinalala. Ukikuta kinyesi chake au unyayo wa duara kama sinia kwenye mlango wako, dungu lihame siku hiyo hiyo, liende kona ya upande wa nyumbani, ngazi iangalie nyumbani, na njia ya kutokea ifyekwe upana wa watu wawili. Msilinde mtu mmoja mmoja. Akishaingia shambani hakuna kushuka wala kumkaribia na kijinga cha moto. Pigeni debe mkiwa mbali, wapigieni askari wa wanyamapori na uongozi wa kijiji.

Wanaochoma matofali ya kinyesi na pilipili kumfukuza tembo, moshi nao unafuata upepo wa usiku. Yawekwe upande upepo unakotokea, ili moshi utambae kwenye ukingo wa kichaka. Kijana mmoja aliyaweka chini ya dungu lake. Tembo walikula, yeye akakesha akilia machozi. Na mitego ya waya au sumu ni kosa la jinai, sheria ya wanyamapori ni ya mwaka 2009, sitaki kusikia kwamba hamkuambiwa.

Nyayo zikipita pembeni mwa mfyeko asubuhi mbili tatu bila kuingia, dungu limekaa pake.

Maji ya mafuriko yakishuka mtaanza kupanda mahindi ya mlao, yale yanayoota kwa unyevu unaobaki. Anayetaka tutafute mlango pamoja aandikishe jina kwa mtendaji wa kijiji, aje na vijiti vyake, kitambaa na jivu la kupimia usiku. Tunaondoka saa 12 asubuhi. Atakayekuja saa 4, akishamaliza chai, atakuta umande umekauka na mimi nimekwisha rudi.