Kupima seftriaksoni kwa diski: kagua sahani kwanza

Seftriaksoni ni antibayotiki, na diski ni kipande kidogo cha karatasi chenye dawa hiyo, kinachowekwa juu ya bakteria ili kuona kama inawazuia kukua. Huitwa dawa ya wigo mpana, lakini wigo huo una mipaka. Bakteria wa Pseudomonas na Enterococcus haiwawezi, basi usipoteze diski juu yao. Hapa tunazungumzia E. coli na Klebsiella.

Kazi huanzia jikoni mwa maabara, kwenye ageri ya Mueller-Hinton, yaani chakula kigumu cha kukuzia bakteria. Nairobi iko juu mno kuliko Mombasa: geji ya otoklevu, chungu cha kuua vijidudu kwa mvuke, ikisoma pauni 15, joto bado halijafika nyuzi 121. Huku inataka karibu pauni 18. Fuata kipimajoto, na dakika 15 zihesabiwe joto likishafika. Weka sahani ya milimita 90 mahali tambarare, mimina mililita 25, upate kina cha milimita 4. Ageri nyembamba hupanua duara, yaani eneo lisilo na bakteria kuzunguka diski, dawa ikaonekana kali kuliko ilivyo. Ikiwa nene, duara hubanwa.

Diski ni za mikrogramu 30. Kopo likitoka kwenye friji, liache liishe ubaridi kabla ya kulifungua, na asubuhi za Julai hilo halitaki haraka. Ukiwahi, unyevu hutua kwenye diski na dawa ikafifia.

Vuruga koloni (vifungu vya bakteria) tatu hadi tano za usiku mmoja kwenye salaini mpaka ukungu ulingane na McFarland 0.5, tyubu ya kulinganishia ukungu. Shika tyubu zote mbili mbele ya kadi yenye mistari myeusi. Mistari ififie sawasawa. Mchanganyiko mzito hupunguza duara na kusingizia usugu. Ndani ya dakika 15 chovya swabu, ikamue ukutani mwa tyubu, paka sahani nzima mara tatu ukiizungusha nyuzi 60. Diski ikishagusa ageri usiisogeze: dawa imekwisha kusambaa. Iweke kwenye inkubeta ya nyuzi 35 kwa muda wa saa 16 hadi 18. Stima ikipotea usiku na inkubeta ikapoa, rudia.

Asubuhi soma kwanza E. coli ATCC 25922, bakteria wa kuhakiki kipimo: duara lake liwe na upana wa milimita 29 hadi 35. Ikitoka nje ya hapo, majibu ya mgonjwa hayasomwi, hata wodi ipige simu mara kumi. Ikiwa sawa, kwa vipimo vya CLSI, taasisi ya viwango vya maabara, milimita 23 kwenda juu dawa inafaa, 20 hadi 22 ni katikati, 19 kushuka ni sugu.

Weka pia diski ya amoksisilini na klavulaneti umbali wa milimita 20, kati kwa kati. Duara la seftriaksoni likivutwa upande huo mfano wa tundu la ufunguo, bakteria huyo anatengeneza ESBL, vimeng'enya vinavyovunja dawa za jamii ya seftriaksoni.